Fukwe za Uingereza: Angalia Ratiba ya Maji Kwanza

Haya jamani, karibuni tena. Leo sichambui simu wala blenda. Leo nachambua kitu ambacho kila ukifika mwezi wa sita mnanijazia maswali: fukwe za huku Uingereza. Je, zipo za maana, au mtu anateketeza nauli ya treni bure?

Mimi ni mtoto wa Pangani, wengi mnajua. Mwaka wangu wa kwanza huku nilipelekwa Brighton. Kutoka London ni kama saa moja tu kwa treni. Nikashuka na taulo begani, nikavua viatu, nikapiga hatua tatu, nikavivaa tena. Kokoto tupu! Na watu wamejilaza juu yake wametulia kabisa, kama ng'onda juani. Nikasema moyoni, hawa wenzetu hawajui wanachokosa.

Kumbe nilikuwa nimekwenda na kipimo cha nyumbani. Bahari ya huku, hata Agosti, hata kule kusini kabisa, inacheza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Sisi tumezoea 26 kwenda juu. Kwa hiyo ukija kutafuta maji ya kuoga kama Nungwi utarudi umenuna. Siku hizi naangalia mambo mawili tu: maji yanatoka umbali gani, na yakishatoka yanaacha nini nyuma.

Kwa sababu hapo ndipo hawa jamaa wanapotushinda, tuseme ukweli. Kwetu bamvua kubwa, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni kama mita nne hivi kati ya kupwa na kujaa. Mlango wa bahari wa Bristol, huu unaotenganisha England na Wales, bamvua lake kule ndani linapita mita 14. Chukua jengo la ghorofa nne, lizamishe asubuhi, mchana lisimame kavu. Mara ya kwanza nilipoliona nilikaa kwenye ukuta wa bandari mpaka chai ikapoa mkononi.

Sasa twende Rhossili, maana hii ndiyo namba moja yangu na sitaki kuwaficha mpaka mwisho wa video. Rhossili iko Wales, kwenye rasi ya Gower. Unafika Swansea kwa treni, halafu basi kama saa moja, njia nyembamba, ua wa majani unakwangua dirisha. Kijiji kiko juu ya jabali. Unashuka garini, unatembea kidogo, na ghafla chini yako kuna ufukwe wa mchanga wa karibu kilomita tano, hauna hoteli hata moja iliyokaa mchangani. Hakuna. Rasi ya Gower ndiyo eneo la kwanza nchini humu kulindwa kisheria kwa uzuri wake wa asili, mwaka 1956, na ukisimama pale juu huhitaji kuelezwa kwa nini.

Mimi nilishuka maji yakiwa yanakupwa. Mchanga mgumu, mweusi kidogo kwa unyevu, unaona mawingu ndani yake. Halafu kwa mbali nikaona kama vidole vimechomoza ardhini. Nikasogea. Mataruma! Mataruma ya chombo, yaani mbavu zake za mbao, safu mbili, yamesimama mchangani na kamba za mwani zimeyazunguka. Ni jahazi la Kinorwe, Helvetia, lililokuwa limebeba mbao, likasukumwa na dhoruba mpaka hapo mwezi wa Novemba 1887. Mti wake ni mwaloni. Nimeweka kiganja juu ya taruma moja, subiri muone hii klipu. Mnaona? Juu limelainika kama sabuni iliyotumika, lakini ukigonga linalia, gumu bado. Kuna vibonde vya maji vimejichimba chini yake na vikaa vidogo vinakimbia kujificha. Maji yakijaa yote haya yanapotea, na asiyejua anaogelea juu yake.

Upande wa kushoto kuna kisiwa kirefu kinaitwa Worm's Head, na kwa kweli kimekaa kama joka linalotaka kuzama. Unaweza kuvuka kwa miguu, juu ya mawe yaliyojaa kome, lakini una saa mbili na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili na nusu baada yake. Basi. Muda unaandikwa pale. Na msijidanganye kwamba mmekua pwani: maji ya huku hayana adabu, yanakuja kwa pembeni, yanakuzunguka wewe ukipiga selfi. Huko Morecambe, kaskazini magharibi mwa England, Februari 2004, wahamiaji zaidi ya 20 kutoka China waliokuwa wakiokota kombe usiku walikumbwa na maji kujaa wakafa. Wafanyakazi kama sisi, waliokuja kutafuta riziki. Kwa hiyo nikisema angalia ratiba ya maji, sifanyi mapambo.

Alama kwa Rhossili: tisa. Moja nimekata kwa ile njia ya kurudi juu. Magoti yangu yana malalamiko yao. Ah, na jambo moja: nenda Juni, jua linazama kama saa tatu na nusu usiku. Saa tatu na nusu! Wale mnaosubiri Maghrib, bebeni vitafunwa.

Ya pili, Porthcurno, kule Cornwall karibu na ncha ya nchi. Ni mbali, nisiwadanganye. Treni kutoka London hadi Penzance ni kama saa tano, halafu basi. Lakini mchanga wake ni wa magamba ya kombe yaliyosagika, mweupe, na maji siku ya jua yana ile rangi yetu kabisa. Mpaka uingize mguu.

Juu ya jabali kuna ukumbi wa michezo ya kuigiza, Minack, viti vimechongwa kwenye mwamba, jukwaa limeipa bahari mgongo. Mwanamke mmoja, Rowena Cade, ndiye aliyeuanzisha miaka ya 1930, akabeba mchanga na kuchanganya saruji yeye mwenyewe pamoja na mtunza bustani wake. Wengi wanakwenda kwa ajili ya hilo. Mimi kilichonishika ni kitu kingine, kibanda kidogo pale juu ya ufukwe, zilipokuwa zikiingilia nyaya za baharini. Hapa Porthcurno ndipo ulipotokea, mwaka 1870, waya wa simu za maandishi, yaani telegrafu, uliopita chini ya bahari kuunganisha Uingereza na India. Halafu mwaka 1879 waya mwingine ukatoka Aden, ambako ule wa India ulipitia, ukaja mpaka Unguja, enzi za Seyyid Barghash. Yaani habari ya bei ya karafuu, ambayo ilikuwa ikisubiri meli, ikawa inaruka chini ya maji na kuibukia kwenye ufukwe huu mdogo, miguuni pangu. Nilikuwa nimesimama pale na kipande cha pasti mkononi, hii sambusa yao kubwa ya nyama na viazi, nikasahau kutafuna. Kuna makumbusho hapohapo, ingieni.

Dorset, pwani ya kusini ya England, mnaijua kwa ajili ya Durdle Door, lile tao la jiwe la chokaa lililotobolewa na bahari. Ni zuri, kama lilivyo kwenye picha, na ndiyo shida yenyewe: umeshaliona kwenye picha. Chini ni changarawe, ngazi ni nyingi, na wikendi ya jua kunakuwa kama stendi ya Ubungo ya zamani. Tena msipande juu kuruka. Mei 2020 watu watatu waliumia vibaya kwa kuruka kutoka pale. Saba.

Mimi ningeendelea mbele kidogo hadi Chesil. Ni tuta la kokoto la kilomita 29, na kokoto zenyewe zimepangwa kwa ukubwa: upande wa magharibi ni kama punje za njegere, ukielekea Portland, mashariki, zinakuwa kama chungwa. Husemwa kuwa wavuvi wakitua gizani walikuwa wakijua wamefika wapi kwa kupapasa kokoto tu. Kuoga pale hapana, kina kinaanguka ghafla na mkondo unavuta.

St Ives, kulekule Cornwall? Mji mzuri, mchanga mzuri, umejaa. Nilinunua aiskrimu, nikageuka kulipia maji, shakwe akaja kwa nyuma akaondoka nayo yote na koni yake. Watu wakacheka. Sita, na hiyo sita ni ya mchanga.

Bamburgh, kaskazini, ngome juu ya mchanga, upepo wa kukutoa kofia: nane. Luskentyre kule Uskoti, kisiwa cha Harris, ndio mnaotumiwa picha mkidhani ni Maldivi. Maji yale ni kama nyuzi 13 kiangazi, na ni gari, feri, halafu gari tena. Nendeni kama mna wiki nzima na jaketi.

Mambo ya haraka. Kuingia ufukweni aghalabu ni bure, mfuko unatobolewa kwenye maegesho na chakula. Samaki na chipsi wa watu wawili mnapita pauni 20 bila soda. Ukitaka kuoga, kaa kati ya bendera mbili za nyekundu na njano, hapo ndipo walinzi wanapoangalia. Nyekundu tupu, usiingie. Mvua kubwa ikinyesha subiri siku moja mbili, kwa sababu mabomba ya majitaka huzidiwa na kumwagikia baharini. Kwa England vipimo vya maji huwekwa mtandaoni kuanzia Mei hadi Septemba. Na mbwa. Kama hupendi mbwa, chagua ufukwe uliowapiga marufuku kiangazi, vipo vingi. Ukiona mtu amezingirwa na maji, piga 999, omba Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

Mwisho, ile klipu ya mataruma nilimtumia baba Pangani. Baba amekaa kwenye mashua maisha yake yote. Nikategemea atashangaa ngome, atashangaa mchanga. Kimya siku mbili. Halafu ikaja sauti ya sekunde tisa: "Mwanangu, tangu 1887 kwenye maji ya chumvi, na bado umesimama? Niulizie, mti huo kwetu unaota?"