Vazi jeupe la ubatizo kwa mtu mzima: tetroni, bafta au populini?

Anayejiandaa kubatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka hapa Tanga anaweza kukodi vazi, kununua lililo tayari, au kushonesha kwa mafundi cherehani wa Ngamiani. Tumelinganisha vitambaa vitatu vinavyotumika zaidi, na jibu letu tunalitoa mapema: shonesha, chagua populini ya pamba tupu, na usikodi.

Kuhusu kukodi hatuna mjadala mrefu. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo (3:27). Katika Kanisa la kale, waliobatizwa usiku wa Pasaka walikaa na nguo zao nyeupe siku nane, mpaka Jumapili iliyofuata. Vazi la kukodi linadaiwa Jumatatu asubuhi. Mtu ametoka majini kiumbe kipya, halafu nguo aliyovikwa inarudi dukani imsubiri mwingine! Hapana. Iwe yake.

Tetroni ndiyo mafundi huitoa kwanza kwa sababu haijikunji, hukauka upesi na pasi yake ni nyepesi. Tatizo ni joto na moto. Machi na Aprili hewa ya Tanga ni nzito kwa unyevu, na kitambaa kama hiki chenye poliesta nyingi hakinyonyi jasho. Kwenye ibada inayochukua saa tatu mgongo wote unaloa na nguo inang'ang'ania mwili. Zaidi ya hapo, mbatizwa hukabidhiwa mshumaa uliowashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka, na anasimama katikati ya watu wenye mishumaa. Poliesta ikiguswa na moto huyeyuka na kugandia ngozi. Pamba nayo huungua, lakini haiyeyuki. Kwa kitambaa chochote, mkataze fundi mikono mipana ya kuning'inia: mzunguko wa kifundo cha mkono usizidi sentimita 30.

Bafta ni pamba, na inapitisha hewa vizuri kuliko zote tatu. Wengi wanaikwepa kwa kuwa ndiyo kitambaa cha sanda, na bibi akiiona mezani kwa fundi atauliza nani amefariki. Sisi sababu hiyo haitutishi. Warumi 6:4 inasema tulizikwa pamoja naye kwa ubatizo, na kumkumbusha mbatizwa kaburi ni mafundisho sahihi kabisa. Tunaikataa kwa jambo jingine: ni nyepesi mno, ikilowa inaonyesha kila kitu, na mishono yake huachia baada ya kufuliwa mara chache. Anayeitaka aishone tabaka mbili.

Populini ya pamba tupu imefumwa kwa kubana, hivyo haionyeshi sana, na inavumilia pasi ya moto. Udhaifu wake ni kuruka. Kitambaa kisicholowekwa kinaweza kupungua sentimita 5 hadi 7 kwenye urefu wa mita moja na nusu, na vazi lililofika kwenye vifundo vya miguu linaishia juu yake. Kiloweke usiku kucha, kianike bila kukikamua, kipige pasi, ndipo kipelekwe kwa fundi. Usiamini neno la muuzaji kwamba ni pamba: omba uzi mmoja uuchome. Pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi; poliesta huacha kidonge kigumu cheusi.

Vipimo: mtu wa kimo cha kawaida anahitaji mita 2 na robo kwa upana wa inchi 60, au mita 3 na nusu hadi 4 kwa upana wa inchi 36. Mnene aongeze nusu mita. Pindo la chini liachwe sentimita 8 ili lije kushushwa.

Shingo ndipo mafundi hukosea zaidi. Wanashona ya kubana kama ya kanzu, wakisahau kwamba kwa Wakatoliki vazi huvikwa baada ya maji, na wasimamizi ndio wanaomvika mtu ambaye kichwa kinachuruzika. Mpasuo wa mbele uwe sentimita 25 na vifungo viwili tu. Kola isiwekwe, kwa kuwa baada ya vazi na mshumaa huja sakramenti ya Kipaimara, na Krisma (mafuta matakatifu) inayopakwa kwenye paji la uso hushuka shingoni. Ndani ivaliwe fulana na bukta au shimizi nyeupe.

Wanaobatizwa kwa kuzamishwa wana shida nyingine: hewa hujaa ndani na vazi huelea hadi kiunoni. Shonea chubwi nne ndogo (vizito vya wavuvi) ndani ya pindo, kila moja imefungwa kitambaa. Usitumie washa za chuma, zitaacha kutu. Hapa hata tetroni nzito inafaa, maana mshumaa haupo. Aliyebatizwa baharini asuuze nguo kwa maji baridi siku hiyo hiyo, la sivyo chumvi itaikakamaza.

Baadhi ya watu huomba jina jipya litariziwe kifuani. Ni wazo zuri, ila sheria ya Kanisa Katoliki (kanuni ya 855) inataka tu jina lisiwe geni kwa maana ya Kikristo. Halazimishwi mtu kuacha la ukoo. Neema au Mhina yanakaa salama. Tarizi kwa uzi wa pamba mweupe, kwani uzi mwekundu wa rahisi huchuja kwenye maji ya kwanza. Na cheti cha ubatizo hakibadilishi jina kwenye kitambulisho cha NIDA.

Doa la Krisma lisisuguliwe. Nyunyizia unga wa ngano, uuache saa kadhaa unyonye mafuta, pukuta, kisha sabuni na maji ya vuguvugu. Nta ya mshumaa iache igande, ikwangue, weka karatasi juu na chini, pitisha pasi. Dawa ya kung'arisha yenye klorini huifanya tetroni iwe ya manjano na huchosha pamba.

Masika ikianza, usilifungie vazi kwenye mfuko wa nailoni. Kuvu itatoa madoa meusi ndani ya wiki chache. Likauke kabisa, likunjwe ndani ya kanga safi, na litolewe nje kila jua linapopatikana.