Nyumba moja Diani, nimelala mara tatu miezi tofauti, someni kabla hamjalipa

Hii nyumba nimelala Mei 2023, Agosti 2024 na mwisho wa Februari 2025, na kama ni nyota Mei naipa mbili, Agosti tatu na nusu, Februari tano, na nyumba ni ile ile, kitanda ni kile kile, hata keateka (mtunza nyumba) ni yule yule. Kilichobadilika ni upepo na mwezi. Nimeamua niandike kwa urefu juu kila wiki naona mtu wa Nairobi akiuliza alale wapi Diani, na hakuna anayeuliza aende lini, na hilo la lini ndilo linakula pesa ya watu.

Nyumba yenyewe kwanza. Ni vyumba viwili vya kulala, paa la makuti, baraza kubwa mbele, jikoni kuna gesi ya mikono miwili na friji ndogo. Feni ziko kila chumba, AC ni moja tu na stima yake unanunua tokeni mwenyewe. Neti hazina mashimo, nimekagua mara zote tatu. Maji ya bomba ni ya kisima na yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, kwa hivyo ya kunywa na ya chai nunua mtungi. Baharini ni dakika nne kwa mguu kupitia kijia kati ya kuta mbili. Shida yangu kubwa na mwenye nyumba ni dirisha la jikoni, halina wavu, na tumbili wa Diani wanajua saa ya mkate kuliko watoto wangu. Nimemwambia mara mbili. Mbega wale weusi wenye manyoya meupe wao hawana neno, wanapita juu ya miti wakienda zao na watoto wanaweza kuwaangalia saa nzima.

Sasa Mei. Nilitaka kumpeleka mamangu baharini, ana miaka 68, amelima kahawa Murang'a maisha yake yote na hakuwa ameona bahari hata siku moja. Kuna wakala mmoja hapa tauni aliniuzia safari, nikamuuliza wazi wazi hali ya hewa iko aje, akaniambia Coast ni joto mwaka mzima, mama, wewe chukua ofa. Nikachukua. Nyumba ilikuwa 3,500 usiku mmoja, treni kutoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, ilikuwa bado 1,000 (imekuwa 1,500 tangu Januari 2024), nikaona nimefanya hesabu ya maana kabisa. Tukashuka Miritini, stesheni ya Mombasa, na mvua, tukafika Diani na mvua, na kati ya siku nne jua tulipata asubuhi moja. Kumbe Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote huku pwani ya kusini. Bahari ilikuwa imechafuka, rangi ya chai ya maziwa, na ufukweni mwani umejaa mpaka magotini, ule uliooza chini na mpya juu, na ile harufu yake unaipata ukiwa bado kwenye kijia. Taulo hazikaukii, mashuka yana ule ubaridi wa unyevu, mbu ndio hao. Tukitaka kwenda kula nje tunapata pamefungwa, hoteli nyingi zinatumia Mei kupaka rangi na kurekebisha paa.

Ile asubuhi ya jua nilimshika mama mkono tukashuka. Alivua kiatu kimoja tu, akagusa maji na vidole, akaangalia mbali kidogo akasema, haya, nimeiona, twende. Nilisikia uchungu sana. Sikuwa na hasira na mvua, mvua ni mvua, nilikuwa na hasira kwamba mtu aliyekuwa anajua alinyamaza ili auze.

Mzee anayeuza madafu pale mwisho wa kijia ndiye alinifungua macho. Aliniambia, "Mwanangu, mmekuja na masika, na kusi ndiyo yaanza. Bahari haitatulia hii mpaka mwezi wa kumi." Nikamwomba anieleze polepole. Huku mwaka unagawanywa na pepo mbili. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki, inaanza karibu Aprili na kufika Septemba, Oktoba hivi, na kali yake ni Juni, Julai, Agosti. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, Desemba mpaka Machi, na hiyo ndiyo ilikuwa inaleta majahazi kutoka Uarabuni zamani, kisha kusi ikiingia inawarudisha makwao. Katikati hapo, pepo zikibadilishana, bahari inakuwa imelala kabisa. Mtu wa pwani hawezi kukuambia "hali ya hewa ni sawa mwaka mzima", atakuambia ni kusi au ni kaskazi, na ukishajua hivyo tu umejua rangi ya maji, mwani, bei ya samaki, kila kitu.

Agosti 2024 nikarudi na mume wangu na watoto wawili juu shule zilikuwa zimefungwa na Nairobi ilikuwa na ile baridi ya Julai iliyokataa kuisha. Nilijua ni kusi, nikaenda nikijua. Na nisiwadanganye, nilifurahia. Ukitoka Nairobi na sweta mbili halafu unashuka mahali pana nyuzi 27, 28 na upepo, mwili unashukuru. Usiku tulilala na shuka bila AC, mbu hakuna, upepo unawapeleka. Wale wa kuteleza na tiara kubwa juu ya maji walikuwa wamejaa, huu ni mmoja wa misimu yao, rangi zote angani, mtoto wangu mkubwa hakutaka hata kula. Lakini kuogelea ni hivi hivi, mawimbi yanasukuma, maji yamechanganyika na mchanga na ukivaa miwani ya kuzamia huoni kitu, na mwani bado upo, ingawa si kama wa Mei. Samaki pia walikuwa ghali, juu mwenye ngalawa ndogo hatoki nje ya ule mwamba wa baharini kusi ikiwa kali, kwa hivyo wanaofika bandani ni wachache na unalipia hiyo uchache.

Tulienda Kisite, ile hifadhi ya bahari ya kule Shimoni karibu na kisiwa cha Wasini. Pomboo tuliwaona, na nahodha akatuonyesha mbali sana mgongo wa nyangumi, wanapita pwani yetu Julai mpaka Septemba wakitoka kwenye baridi ya kusini, hilo huwezi kulipata Februari. Lakini boti ilirushwa na watoto wote wawili walitapika, mdogo alitapika mpaka tukafika Wasini akalala kwenye mkeka bila kugusa kaa wake. Kama una mtoto mdogo au mtu wa tumbo jepesi, hiyo safari ya boti iweke kando mpaka kaskazi.

Na kuna kosa lingine la Agosti ambalo halikuwa la upepo. Tulifika wakati mwezi ni mpevu. Asubuhi ya kwanza tukaamka, tukala, tukajipaka mafuta ya jua, tukashuka saa nne na nusu na ndoo za watoto, bahari haipo. Imeenda. Kuanzia tulipokuwa tumesimama mpaka karibu na mwamba ni mchanga, majani na vidimbwi. Mtoto akaniuliza nani ameitoa. Hii inaitwa bamvua, inakuja mwezi ukiwa mpevu na tena ukiandama, maji yanajaa sana na kupwa sana, na huku kwetu siku za bamvua yanakuwa yametoka kabisa saa nne, saa tano za asubuhi, yanarudi kujaa saa kumi jioni hivi. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Kwa hivyo wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka, maji yanajaa asubuhi wakati watoto wanataka kuogelea, na hayaendi mbali, wenyewe wanasema maji mafu. Ukiwa na siku tatu tu za likizo hii ni kubwa kuliko mambo ya AC. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kuweka bukingi, ni bure.

Februari sasa. Watoto walikuwa na likizo fupi ya katikati ya muhula, nikambeba mama tena, safari hii nimepanga mwenyewe bila wakala. Nyumba 6,000 usiku mmoja. Siku hizi kutoka Miritini unapita barabara ya Dongo Kundu moja kwa moja mpaka upande wa Kwale, hakuna kusimama kwenye feri ya Likoni na mizigo, na mama alifika hajachoka. Ilikuwa bamvua tena, mwezi ulikuwa unaandama, lakini sasa nilijua. Keateka alikuwa ametuandikia saa za maji kwa kalamu kwenye kipande cha katoni, siku nne zote, akaibandika kwenye friji. Naomba mwenye nyumba aifanye hiyo iwe kawaida, inasaidia kuliko ile karatasi ndefu ya masharti iliyo mlangoni.

Basi saa nne asubuhi, maji yametoka, badala ya kununa tulitembea. Mzee wa madafu alitupa mjukuu wake atuongoze mpaka karibu na mwamba, viatu vya raba miguuni kwa sababu ya zile miba nyeusi za baharini. Maji yaliyobaki kwenye vidimbwi yalikuwa safi kama ya glasi, ya moto kabisa, na ndani kuna kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota) mwekundu ukubwa wa sahani, vijisamaki vya bluu, na pweza mmoja mdogo aliyebadilika rangi mbele ya macho yetu akaingia shimoni. Mama aliinama hapo, leso imekunjwa mpaka magotini, hakutaka kuondoka. Tulirudi maji yakitufuata nyuma. Saa tisa u nusu bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye minazi, bluu, bila mwani, na mama akakaa chini kwenye maji ya kiunoni, watoto wamemshika huku na huku, akakaa saa moja nzima. Upepo ulikuwa mdogo, wa kukausha nywele tu.

Ubaya wa Februari ni joto. Ni joto kweli kweli, nyuzi 32, 33 na usiku haishuki sana, AC ya chumba kimoja haikutosha na sote sita tulilala karibu pamoja siku mbili. Tokeni ya 1,000 iliisha kwa siku mbili. Jua la saa sita usilichezee, mtoto wa dada yangu tuliyekuwa naye aliungua mabega. Na angalia Ramadhani inaangukia wapi, sisi ilikuwa inaingia wikendi ile ile, na yule mama wa mahamri na mbaazi tuliyekuwa tunamtegemea asubuhi alituambia kuanzia mfungo atapika jioni tu. Tarehe zinasogea kila mwaka, kwa hivyo uliza.

Desemba sijalala hapa na sitaki, niliulizia nikaambiwa 12,000 na lazima ulipie siku tano, na watu wote wa Nairobi wako huko. Kama unapenda shamrashamra za mwaka mpya sawa, ni chaguo lako, bahari yenyewe itakuwa nzuri. Pasaka inategemea, ikiwa mwisho wa Machi au mwanzoni mwa Aprili unaweza kuwahi kabla ya masika, ikisogea mwisho wa Aprili mimi siweki pesa yangu. Oktoba dada yangu alienda akasema kusi ilikuwa imeshuka, maji yametulia, joto si la kuua na bei bado ya chini, na mvua za vuli hazikuwa zimeanza sana. Jacaranda za Nairobi zikianza kuchanua, hiyo ndiyo alama ya kuanza kupiga simu.

Haya yote ni ya Diani, msiyachukue mkaenda nayo Malindi. Malindi ina mto Sabaki unaoingia baharini kaskazini ya mji, na Sabaki ndio huu huu Athi wetu, unabeba mpaka maji ya mto Nairobi. Mvua zikinyesha bara bahari ya Malindi inakuwa ya udongo mwekundu hata kama juu ni jua. Lamu nayo, nyumba nyingi za wageni zinafunga kati ya Aprili na Juni.

Nimeshaweka dipoziti ya Februari ijayo, nyumba hii hii, usiku tano, na nimechagua wiki ambayo mwezi ni nusu ili watoto wapate maji ya asubuhi. Mama alipoona kalenda alikataa. Anataka bamvua, anataka kurudi kwa yule pweza.