Pikapu yangu ilikuwa inakunywa oili: kopo la dawa, oili nzito, na sili nane za valvu

Kwa miezi saba nilikuwa natembea na galoni la oili nyuma ya siti, kama mgonjwa wa pumu na dawa yake. Sasa galoni lile liko stoo, na nimeona niandike nilichopitia, maana najua nyuma yangu kuna wengi wanaotoa moshi wa bluu na wameshaambiwa wauze ng'ombe wafanye ovahoo, yaani kushusha injini na kuifanya upya.

Pikapu yenyewe ni ya Kijapani, kabini moja, petroli, silinda nne, cc 2,200, ya kabureta. Inashusha kabichi, karoti na viazi kutoka Lushoto hadi Tanga mjini, zaidi ya kilomita 300 kwenda na kurudi, na kupandisha chochote kinachopatikana: saruji, chumvi, mara dagaa. Niliinunua mkononi mwa mtu, kwa hiyo kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi sizitilii maanani.

Nilishtuka siku taa ya oili ilipoanza kumulika kwenye kona za Soni, njiani kutoka Lushoto kushuka Mombo. Ikiwa tambarare inazima, nikikata kona inawaka. Dipstiki ilikuwa kavu.

Kwanza nikiri ujinga wangu: nilikuwa sijui kupima. Lushoto kupata pahali tambarare ni kazi. Nilikuwa napima mlangoni kwangu, gari limeinamisha pua, mara nyingine injini nimeizima dakika hiyohiyo. Leo imejaa, kesho imekauka, mimi nimebaki kulaumu majirani. Baadaye nikaamua napima Mombo tu, kule chini ya mlima, kwenye kituo cha mafuta chenye sakafu ya zege. Nazima, nakunywa chai, dakika kumi zinapita oili ishuke yote chini, ndipo nachomoa dipstiki. Ninachoongeza nakipima kwa chupa ya maji ya nusu lita na kukiandika kwenye daftari la mizigo. Hesabu ikatoka: lita moja kila safari mbili, yaani kama kilomita 650. Wapo watengenezaji wanaovumilia hadi lita moja kwa kilomita 1,000, hasa kwa injini iliyokwisha kutumika sana. Yangu ilikuwa imeshavuka huko.

Usiku nikatandika kartoni chini ya injini. Asubuhi matone matatu, kila moja kama sarafu. Matone matatu hayamalizi lita, kwa hiyo oili ilikuwa inaungua.

Fundi wa kwanza alisimama nyuma ya gari, akanusa ekzosi, akasema, "Ringi zimekwisha, bosi. Shusha injini." Ringi ni zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande silindani. Shilingi 1,600,000, bila slivu (kuta za ndani za silinda) kama zitahitajika. Plagi hata moja hakuifungua. Nikamwambia nitarudi.

Nikakimbilia kopo. Haya makopo ya kuzuia moshi mnayajua, yamepangwa karibu na kaunta kila duka la spea, nalo langu lilikuwa 18,000. Kinachotoka ni kizito kama asali. Kazi yake kubwa ni kuifanya oili iwe nzito ipite kwa shida kwenye upenyo, na mengine yanadai kulainisha mpira wa sili uliokakamaa, vile vipete vinavyozuia oili isipite. Wiki ya kwanza moshi ulipungua kweli, nikaanza kumsifia kila dereva. Wiki ya tatu tukarudi palepale. Nikanunua la pili, na hilo ndilo linaloniuma. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu halikuharibu kitu.

Halafu nikahama kutoka oili ya 15W-40 kwenda 20W-50, iliyo nzito zaidi. Hapa siwezi kusema nimeibiwa. Lita ikaanza kufika kama kilomita 800. Lakini ulikuwa Julai, na anayeijua Lushoto ya Julai anajua baridi ya asubuhi yake. Stata ilikuwa inazungusha injini kama mtu anayesonga ugali wa msibani. Na ukiifikiria vizuri, bado nilikuwa nanunua oili ya kuchoma, tena ghali zaidi. Nyota mbili na nusu. Kwa mtu anayesubiri pesa ya matengenezo inafaa.

Aliyenitoa shimoni ni mzee mmoja wa gereji ndogo Tanga. Gari nililiacha linanguruma pale nje, yeye hakulisogelea. Akauliza tu, "Linatoa moshi saa ngapi?"

"Asubuhi, mzee wangu, saa kumi na mbili nikitoka."

Akacheka. "Sikuulizi saa ya ukutani, mwanangu. Ukiwasha? Ukipanda mlima? Au ukishuka?"

Nikatulia nikakumbuka. Nikiwasha asubuhi, wingu moja kisha linakatika. Nikipanda na mzigo, moshi haba sana. Nikishuka kutoka Soni hadi Mombo gia ya pili imeshika, kule chini nikikanyaga tu mafuta, hata mwenye bodaboda nyuma yangu simwoni kwenye kioo.

Akanieleza, na maelezo haya ndiyo yalikuwa na thamani kuliko spea zote. Injini ya petroli ukiachia pedeli ya mafuta kwenye mteremko, kipepeo cha kabureta kinachopitisha hewa kinafunga, pistoni zinaendelea kuvuta hewa isiyopatikana. Zinavuta popote penye upenyo, na sili ya valvu iliyokauka ni upenyo: oili ya juu kwenye hedi (kichwa cha injini) inateremka na shina la valvu hadi ndani. Asubuhi ni hivyohivyo, ile iliyochuruzika usiku ndiyo inayoungua kwanza. Ringi zikiwa zimekwisha, moshi ungekuwa mwingi wakati wa kupanda na mzigo, injini inapokabwa. (Wenye dizeli msiinakili hii ya mteremko. Dizeli za zamani nyingi hazina kipepeo hicho. Ninyi kama mna tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, chungulieni kwanza bomba linalotoka kwenye tabo kuelekea injini kama limelowa oili.)

Hakuishia kwenye maneno. Akasafisha kwanza mpira wa kupumulia wa kava la tapeti (kifuniko cha juu ya valvu), uliokuwa umeziba masizi, kwani nao ukiziba unasukuma oili pasipotakiwa. Akatoa plagi: ya tatu nyeusi, imelowa hadi kwenye nyuzi. Akapima mgandamizo wa kila silinda: 165, 160, 155, 165 psi (kipimo cha shinikizo). Ile ya 155 akaitia oili kijiko kimoja na kupima tena, ikapanda kidogo tu. Ringi zingekuwa zimechoka ingeruka juu sana. "Milioni yako na laki sita ibaki mfukoni," akasema.

Sili nilizokuja nazo mwenyewe alizikataa. Alizibana kwa vidole, ngumu kama plastiki ya ndoo. Tukanunua nyingine, nane kwa 40,000.

Hedi haikufunguliwa. Kwa kawaida wanajaza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu zisidumbukie ndani, ila siku hiyo umeme ulikatika. Mzee akachukua kamba laini ya nailoni, akaisokomeza silindani kupitia tundu la plagi, mkia ukining'inia nje, akazungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni ikaibana kamba juu. Valvu zikakaa. Matundu ya oili yanayoteremka chini akayaziba kwa vitambaa, akakandamiza springi, akanyofoa zile loki ndogo kwa sumaku. Sili za zamani zilivunjika vidoleni kama ganda la korosho. Silinda moja moja hivyo, tangu saa tatu hadi alasiri. Ufundi 90,000.

Ubaya? Kungoja kutwa nzima juani na mzigo wa watu haujapakiwa. Pia gasketi ya kava la tapeti alirudisha ileile ya zamani, ikavuja, nikarudi wiki iliyofuata kuweka mpya. Kwa hilo namnyima nusu nyota. Nne na nusu.

Nimerudi kwenye 15W-40. Kilomita 2,000 za kwanza tangu kazi ile niliongeza chupa moja ya nusu lita, na ya pili sijaimaliza hadi leo. Asubuhi bado kuna pumzi ndogo ya bluu, mzee alishaniambia shina za valvu na gaidi zake (vile vibomba vinavyoshika shina) nazo zimelika kiasi. Nikifika Mombo nakanyaga mafuta na wa bodaboda namwona vizuri. Kartoni nililitandika tena juzi kuhakikisha: matone matatu, yaleyale.