Kibao cha jina la Rafaeli: kazi safi, maana ilikosewa

Nilitaka kibao cha mninga cha kutundika juu ya kitanda cha mwanangu: jina juu, maana yake chini. Karakana yenyewe ni ndogo, karibu na kituo chetu cha daladala. Bei shilingi 35,000, nusu unatanguliza.

Uchongaji sina la kulaumu. Herufi zimechimbwa kwa patasi, msasa umepita kila kona, vanishi haina hata tone lililoganda. Waliahidi siku 5, ikawa siku 5.

Ila chini ya jina waliandika "Mponyaji wa Mbinguni". Fundi akanionyesha daftari la maana za majina analolifuata. Niliumia sana. Mwanangu alizaliwa njiti, tukakaa wodini siku 19, na jina hili tulilichagua tukijua linasema nini. Kwa Kiebrania ni sentensi nzima: rafa, ameponya; El, Mungu. Mungu ameponya. Mtoto haponyi, hata malaika mwenyewe hajisifii. Katika kitabu cha Tobiti, mzee Tobiti, aliyekuwa kipofu, akishafumbuliwa macho kwa nyongo ya samaki, Rafaeli anawaambia wamshukuru Mungu, kwani yeye hakuja kwa hiari yake.

Fundi alisikiliza, kisha akaniuliza, "Lakini mama, mtoto wa watu kupewa jina la malaika si vibaya?" Nikamwambia afungue Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 26: humo jina hilo ni la mwanadamu, wa ukoo wa mabawabu wa nyumba ya Bwana. Tena marabi wa kale, katika Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho yao, walisema majina ya malaika Wayahudi walirudi nayo kutoka Babeli.

Tukapitia daftari pamoja. Mikaeli ameandikiwa "Anayefanana na Mungu", na hilo ni kosa zito, maana jina linauliza: nani aliye kama Mungu? Jibu lake ni hakuna.

Alipiga randa mstari wa chini, akachonga upya, hakunidai hata senti. Kibao kimekuwa chembamba kidogo, lakini kinasomeka vizuri hata kwa mwanga wa taa ya usiku.

Nawapendekeza, ila nendeni na maana yenu mkononi. Nimeshaagiza cha pili, cha mtoto wa dada yangu, Mikaeli. Fundi nimemwandikia maneno kwenye karatasi, na alama ya kuuliza nimeikoleza kwa wino mwekundu.