Shali ya sufu ya Kutch: inawasha, lakini siiachii

Nianze na lile wauzaji hawalisemi: hii shali inawasha. Siyo pashmina ya Kashmir, ile unajifunga shingoni mpaka unasahau kama umevaa kitu. Hii ni sufu ya kondoo wa kienyeji wa Kutch, huko Gujarat, India, nyuzi nene na ngumu kidogo, ukiivaa kwenye shingo tupu utajikuna mpaka watu wakuulize una nini. Vaa nguo yenye kola chini yake, kesi imeisha. Kama ngozi yako haivumilii kabisa ulizia za sufu ya kondoo wa merino, zipo na ni laini sana, ila mimi naona hazina ule uzito unaofanya shali itulie begani, zinateleza teleza tu.

Yangu nimeichukua Bhujodi, kijiji cha wafumaji karibu na mji wa Bhuj, kwa rupia elfu nne na ushee. Nyeusi, ina darizi nyekundu na njano, na vioo vidogo vidogo pembezoni. Bei imechangamka ndiyo, lakini iangalie kazi yenyewe. Wafumaji wa pale ni jamii ya Vankar, kwenye vitanda vyao vya asili vya kufumia mtu anakaa miguu iko ndani ya shimo, na yale mapambo ya pembetatu ambayo ungeapa yameshonwa kumbe mengi yamefumwa humo humo, anapenyeza uzi wa rangi kwa vidole mstari kwa mstari kitambaa kikiwa bado hakijatoka kitandani. Sindano inakuja baadaye. Na kwa vile vitanda vya zamani vilikuwa vyembamba, shali ya kiasili ni vipande viwili vilivyoungwa katikati, sasa ule mshono wa kuungia badala ya kuuficha wao wanaupamba kwa nyuzi za rangi urefu wote. Yangu imeungwa hivyo hivyo na kwangu hapo ndo pazuri kuliko vioo vyote.

Tukija kwenye vioo, havina tundu hata kimoja, kinachovishika ni uzi uliozungushwa ukingoni basi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela pitisha kidole kioo kimoja kimoja, kikicheza waambie wakaze kwanza. Changu kimoja kimeshadondoka, nikamrudia muuzaji ananiambia eti ndo kawaida ya kazi ya mkono. Kawaida gani? Hivyo vingine vyote mbona vimeng'ang'ania, hicho kilishonwa mbio mbio tu. Nyota moja nimemkata hapo, zimebaki nne.

Halafu hadithi za dukani sasa. Darizi hizi asili yake ni wanawake wa Rabari, wafugaji, zamani Rabari wanaleta sufu, Vankar anafuma, mama anaenda kudarizi mwenyewe nyumbani. Muuzaji akikwambia hii mpya mpya ilidariziwa na binti wa Kirabari kwa ajili ya harusi yake, muulize binti wa wapi, maana mwaka 1995 wazee wa Rabari wa kundi la Dhebaria walipiga marufuku wanawake wao kudarizi vitu vyao wenyewe, mabinti walikuwa wanachelewa kwenda kwa waume zao mpaka wamalize lundo lote la nguo za kupeleka. Za kuuza ziliendelea kama kawaida, na sioni ubaya wowote shali kudariziwa kwa ajili ya soko, ila bei ya urithi kwa kitu cha juzi hapana jamani.

Akriliki nayo imejaa, rangi zinawaka, bei chee. Omba uzi mmoja wa kwenye matamvua uuchome. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika, akriliki inayeyuka inakuwa kijidonge kigumu. Anayekataa kukupa hata kipande cha uzi, we aga uende duka la pili.

Kufua: maji ya baridi, shampuu kidogo, usisugue wala usikamue kwa kuinyonga, maji ya moto yanaifanya irudi na hairefuki tena. Nyekundu ya yangu ilichuja mwanzoni, maji yakawa ya pinki, ila haikugusa njano. Anika kivulini ikiwa imelazwa. Mashine ya kufulia sahau kabisa, vile vioo vitabaki ndani ya ngoma. Ukiiweka muda mrefu hakikisha ni safi, nondo wanapenda jasho, mimi naweka majani makavu ya mwarobaini katikati ya mikunjo. Na usiitundike kwenye hanga, ni nzito, itavutika mabegani. Ikunje.