Kibanda cha vitabu vya sheria Wandegeya: nendeni, ila kagueni ringi za kubania kurasa

Anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Makerere au LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, hawezi kukwepa fotokopi za Wandegeya, mtaa wa Kampala jirani na Makerere. Vibanda ni vingi, na vingi ni kelele tu. Mimi nasifia kimoja, cha Hajati mmoja aliyebanwa kati ya fundi simu na kijana wa chapati. Mimi nimekulia kambi ya jeshi ya Bombo, yeye pia ni wa huko, basi bei tunavutana kwa Kiswahili.

Ukimwomba Katiba ya Uganda ya 1995 hakupi hivi hivi. Atakuuliza kwanza: "Ya mwaka gani, mwanangu?" Ana haki ya kuuliza. Nakala za zamani zinazouzwa mitaani bado zina ibara ya 102(b) inayomtaka rais awe na umri usiopungua miaka 35 wala kuzidi 75. Bunge liliondoa kikomo hicho Desemba 2017, na marekebisho hayo hayo yakarudisha ukomo wa mihula miwili ya urais uliofutwa 2005, ila Mahakama ya Katiba ikabatilisha urejesho huo 2018. Ukiingia mtihani na nakala ya 2006, umekosa. Hajati amebandika karatasi ndani ya jalada, ibara zilizoguswa zote zimeandikwa, na pembeni kwa penseli: "Mbale, 2018", maana Mahakama ya Katiba iliisikilizia huko kesi ya umri.

Rafu ya juu ni ya Profesa Kanyeihamba. Wenzangu wanaoota uprofesa wa sheria ya katiba, anzieni hapo. Mzee alifundisha, akawa Mwanasheria Mkuu, akakaa kwenye bunge lililotunga Katiba, halafu akawa jaji wa Mahakama ya Juu kuanzia 1997 hadi 2009. Kesi ya kupinga uchaguzi wa rais wa 2006 majaji waligawanyika wanne kwa watatu, naye alikuwa kwa wale watatu waliotaka uchaguzi ufutwe. Hukumu yake hiyo, imechapwa na kutiwa ringi, inatoka haraka kuliko kitabu chochote pale. Yangu niliimaliza ndani ya teksi ya Bombo, foleni ya Kawempe ikanisaidia.

Ubaya? Ringi ni za plastiki dhaifu, kurasa zinaanza kuchomoka kabla muhula haujaisha. Umeme ukikatika, kazi yako inalala. Na kuhusu mwanamke anayeijua Katiba hivyo kutoa fotokopi za vitabu vizima vya watu, hilo nawaachia mawakili.

Mitihani ikikaribia fika asubuhi mapema. Mobile money anapokea, ila ada ya kutoa anakubebesha wewe.