Tahadhari: vyungu vya maua vya udongo mbichi vinauzwa kama vilivyochomwa

Ninawaandikia hasa wale wanaonunua vyungu vya maua visivyo na mapambo, kisha wakavipaka rangi, wakavizungushia kamba ya katani au kuvibandika vipande vya kitenge ili wauze. Yupo muuzaji hapa Dar es Salaam anayetangaza vyungu mtandaoni, na anachowapelekea wanunuzi ni udongo uliokaushwa tu, ambao haujapita motoni hata kidogo.

Mwezi uliopita niliagiza kwake vyungu 40 kwa shilingi 3,000 kimoja. Bei ilikuwa chini kidogo ya ile niliyozoea kwa wauza miche wa barabarani, lakini si ya kutia shaka, na picha zilipendeza: vyungu vyekundu, laini, vyote rangi moja. Nilitanguliza nusu ya fedha kwa simu, na nusu nyingine nikamkabidhi dereva wa bajaji aliyeleta mzigo magharibi, giza likiwa limeanza kuingia. Leo naamini saa ile ilichaguliwa makusudi.

Kesho yake nilianza kama ninavyoanza siku zote, yaani kupitisha msasa laini ili rangi ishike. Chungu kilichochomwa vizuri hutoa vumbi jekundu kidogo tu. Hiki kilitoa vumbi jingi la kijivu, wekundu wote ukahamia kwenye msasa, na chini yake ukatokea udongo wa rangi ya majivu; kumbe kilikuwa kimepakwa ile rangi nyekundu ya unga inayotiwa kwenye sakafu za saruji. Nakiri kwamba hata hapo sikuelewa. Nilidhani ni udongo wa aina nyingine, nikapamba vyungu sita: vitatu nikavipiga nukta nyeupe kwa kitako cha penseli, vitatu nikavibandika kitenge kwa gundi nyeupe na kuvipaka vanishi kwa nje, kisha nikamuuzia mteja wangu wa siku nyingi. Siku ya nne alinipigia simu kunieleza kwamba alipoinua chungu ili afagie baraza, kitako kilibaki sakafuni, na mmea pamoja na udongo wake ukamwangukia miguuni.

Siku hiyo hiyo nilichukua kimoja kati ya vilivyosalia nikakilaza kwenye ndoo ya maji. Asubuhi hapakuwa na chungu, bali rojo la matope na utando mwekundu juu yake.

Nilipomtumia muuzaji picha ya ndoo, alinijibu: «Dada, chungu ni cha maua, wewe umekiloweka cha nini?» Nikamkumbusha kwamba maua hunyweshewa maji, naye akanifungia mawasiliano. Wiki mbili baadaye nimeziona picha zilezile, na mkeka uleule chini ya vyungu, zikitangazwa kwa jina jingine la biashara na namba nyingine ya simu. Ndiyo maana sitaji jina, kwa kuwa la leo halitamsaidia mtu kesho.

Udongo wa mfinyanzi ukikaushwa juani huwa mgumu, lakini ukipata maji hurudi kuwa tope. Ni mpaka ufikie joto la takribani nyuzi 600 za Selsiasi ndipo maji yaliyofungamana na chembe zake yanapotoka, chembe zenyewe zikabadilika, na kuanzia hapo hauwezi tena kuwa tope. Gharama ya kuni za kufikia joto hilo ndiyo anayoikwepa mtu huyu.

Kabla ya kulipa, gonga chungu kwa kifundo cha kidole: kilichoiva hulia, kibichi hutoa sauti butu, ingawa chenye ufa nacho hakilii. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kulowesha kidole na kusugua ndani, karibu na tundu la chini, mahali ambapo rangi ya ujanja haifiki. Kibichi huteleza na kuacha tope kidoleni. Kunyonya maji peke yake si dalili mbaya, kwani hata chungu kizuri hunyonya, na ndiyo sababu ya kuziba upande wa ndani kabla ya kupamba nje. Usipofanya hivyo, unyevu huisukuma rangi mpaka ikabanduka magamba.

Tuache pia kukataa vyungu vyenye mabaka meusi. Vyungu vinavyochomwa mahali pa wazi kwa kuni na nyasi, kama wafanyavyo wanawake wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hupata mabaka pale moshi ulipovigusa, na baka hilo ni ushahidi kwamba moto ulikuwapo. Mimi niliupenda wekundu usio na doa, nao ndio ulioniponza.

Mteja nimemrudishia fedha zake. Vyungu 33 vilivyosalia ninavyo, pamoja na ujumbe wa muamala na picha zote, na nimekwisha kutoa taarifa polisi. Aliyeuziwa mzigo kama huu anitumie namba ya simu aliyolipia, ili niipeleke ikaunganishwe na zile mbili nilizokwisha kuwasilisha.